Binti Yangu Ameitwa Kupigana Meksiko: Je, Njia ya Yamileth Mercado Inamfaa?

*"Mimi ni mama, naishi Tanga. Binti yangu ana miaka 20 na ni bondia wa kulipwa. Amepigana mara saba, ameshinda sita na kutoka sare moja, yote ya raundi nne au sita, na yote hapahapa nchini. Sasa kuna promota amemletea mkataba wa raundi nane huko Meksiko, dhidi ya bondia wa huko ambaye hajawahi kupoteza, tena kwenye mji wake. Safari ni baada ya siku 16. Nilipokataa alinionyesha kwenye simu habari za Yamileth Mercado. Anasema naye alikuja Nairobi akiwa na miaka 20, akashindwa na Fatuma Zarika, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. 'Hata nikipoteza nitajulikana,' ndivyo anavyoniambia. Mimi ngumi sizijui. Naogopa kumzibia riziki, na naogopa aje kurudishwa kwangu akiwa mgonjwa. Nimruhusu?"*

Mama, binti yako hajakudanganya. Habari za Mercado ni za kweli, na ni jambo jema kwamba anasoma maisha ya mabondia wakubwa badala ya kutazama video za watu wakiangushwa tu. Shida yangu ni kwamba amechukua mwanzo na mwisho wa safari ile, katikati akaacha. Na swali lako jibu lake liko hapo katikati.

Tarehe 8 Septemba 2018, katika ukumbi wa KICC jijini Nairobi, Mercado alipanda ulingoni kuwania mkanda wa WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, wa uzito wa super bantam, ambao mwisho wake ni kilo 55.3. Mkanda ulikuwa wa Zarika. Mercado alikuwa na miaka 20, kama binti yako. Alipoteza kwa pointi. Tarehe 16 Novemba 2019 wakarudiana, safari hii Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko, jimbo alikotoka Mercado. Akashinda kwa pointi, na mkanda ukabaki kwake hadi Julai 2025, karibu miaka sita.

Sasa tazama alikuja Nairobi kufuata nini. Alikuja kupigania mkanda wa dunia. Anayewania mkanda huwa tayari yumo kwenye orodha ya viwango vya chombo chenyewe, na pambano la namna hiyo lina msimamizi wake, madaktari na upimaji wa uzito unaoanza wiki kadhaa kabla. Akishindwa kwa pointi baada ya raundi zote kumi, ugenini, akiwa na miaka 20, kila anayeandaa mapambano ya uzito ule ameshaliona jina lake. Huko ndiko kujulikana anakokusema binti yako, na kulikuwepo hata kabla kengele ya kwanza haijagongwa. Mkataba ulionielezea hauna mkanda na hauna nafasi kwenye viwango. Una raundi nane tu na mpinzani anayejengwa.

Hapo kwenye kujengwa ndipo naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa wazazi wengi hawaelezwi. Promota wa Meksiko aliyewekeza kwa msichana asiyewahi kupoteza anahitaji wapinzani ambao kwenye karatasi wanaonekana wazuri. Akiweka bondia aliyepoteza mara kumi, watazamaji na televisheni watalalamika. Akiweka mgeni mwenye ushindi sita na sare moja, bango linapendeza. Kwa hiyo kinachonunuliwa hapa ni rekodi ya binti yako. Akishaipoteza, simu inayofuata itakuja na fedha kidogo zaidi na siku chache zaidi za kujiandaa. Ya tatu itakuwa mbaya kuliko hiyo. Tunao mabondia wengi Afrika Mashariki waliopita njia hiyo. Walianza vizuri nyumbani, wakaanza kusafiri kwa taarifa ya wiki mbili, na leo wanaitwa tu pale mtu fulani anapohitaji ushindi wa uhakika.

Lakini nisikuache ukidhani kupoteza ndiyo mwisho wa bondia. Zarika mwenyewe alikuwa na vipigo vingi kwenye rekodi yake alipokwenda Flint, Michigan, mwezi Oktoba 2016 kupigana na Alicia Ashley. Alikuwa ugenini, na wengi hawakumpa nafasi. Akauchukua mkanda kwa majaji waliogawanyika, akaurudisha Nairobi, akautetea hapo mara kadhaa, ikiwemo mbele ya Catherine Phiri wa Zambia. Phiri naye alikuwa bingwa wa WBC wa uzito wa bantam, akaenda Meksiko mwaka 2017 kupigana na Mariana Juárez, na mkanda ukabaki kule. Ugenini kuna kushinda na kushindwa. Ninachotaka ukione ni kwamba Zarika alifika Flint akiwa na zaidi ya miaka kumi ya ngumi za kulipwa nyuma yake. Binti yako ana mapambano saba, na hajawahi kuisikia raundi ya saba.

Kuna dhana nyingine ambayo huenda umeisikia mtaani, kwamba WBC ni ya Wameksiko kwa sababu makao yake yako Mexico City, kwa hiyo mgeni hana lake. Mkanda wa Zarika unaikanusha, alikaa nao miaka mitatu. Faida ya Wameksiko iko kwingine kabisa, nayo ni ya haki. Wamejenga. Na hawakujengewa kwa urahisi. Mwaka 1947 wanawake walipigwa marufuku kupigana ngumi jijini Mexico City, na marufuku hiyo ilidumu nusu karne. Laura Serrano, mwanamke aliyesomea sheria, alikwenda Las Vegas mwaka 1994 akatoka sare na Christy Martin, Mmarekani aliyekuja kuwa maarufu sana, huku kwenye jiji lake mwenyewe haruhusiwi kupanda ulingoni. Aliipeleka marufuku ile mahakamani, na mwaka 1999 ikaondolewa. Miaka sita baadaye, Mei 2005, Jackie Nava alishinda mkanda wa WBC wa super bantam huko Tijuana, mkanda wa kwanza wa dunia ambao WBC iliwahi kumpa mwanamke. Ni uzito huohuo aliokuja kuutawala Mercado. Msichana aliyezaliwa mwaka 1998 huko Chihuahua alikua akiona wanawake wakipigana kwenye televisheni Jumamosi usiku kama pambano kuu. Akiingia jimu anakuta wasichana wa uzito wake wa kufanya nao sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi. Binti yako, nakisia, anafanya sparingi na wavulana, au na msichana mmoja yuleyule tangu aanze. Huyo anayekwenda kukutana naye hana tatizo hilo, na kwenye raundi ya tano tofauti hiyo inaonekana waziwazi.

Sasa tuzungumze kuhusu mwili, maana hapo ndipo hofu yako ya pili ilipo.

La kwanza ni mwinuko. Mercado ni mtu wa Cuauhtémoc, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,700 na ushee. Kwa hiyo alipokuja kwetu alishuka. Hewa ya Nairobi, ambayo huwatesa wageni wengi, kwake ilikuwa ya kawaida. Binti yako anatoka Tanga, ufukweni. Akipelekwa Mexico City, ambayo iko mita 2,240, kila pumzi itamletea oksijeni pungufu kuliko aliyoizoea. Moyo utakimbia zaidi kwa kazi ileile, na miguu itaanza kuwa mizito raundi ya tatu badala ya ya sita. Mwili huhitaji wiki mbili hivi kuanza kuzoea, na wageni wengi wanaofika siku tatu au nne kabla ya pambano wanaangukia kwenye siku mbaya kabisa. Kwa upande mwingine, Tijuana iko karibu na bahari na haina shida hiyo. Hujanitajia mji, na sijui kama promota ameutaja. Muulize.

Jumlisha na tofauti ya saa. Kati yetu na Meksiko kuna saa nane hadi kumi na moja, kutegemea mji na msimu. Mwili hujirekebisha kwa kama saa moja kwa siku. Akifika siku tatu kabla, atapanda ulingoni saa ambayo damu yake inamwambia ni alfajiri ya Tanga.

La pili ni uzito, na hili ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Mwambie apande kwenye mizani kesho asubuhi, kabla ya chai, wewe ukiwa umesimama hapo. Kisha soma mkataba umeandika kilo ngapi. Tuseme mizani inasema 59 na mkataba unasema 55.3. Kilo karibu nne ndani ya siku 16, kwa msichana ambaye hana mafuta ya kupunguza, haziondoki kwa chakula. Zinaondoka kwa maji. Nieleze inavyokuwa, maana mabondia hawawasimulii mama zao. Siku mbili za mwisho hanywi kitu. Anavaa fulana mbili za nailoni, anaruka kamba kwenye bafu la hoteli mlango umefungwa na maji ya moto yanatiririka ili mvuke ujae. Anatafuna ubani ili apate mate, anayatema kwenye chupa, na mwenzake anaiinua chupa kuangalia yamefika wapi. Midomo imepasuka. Akipita kwenye mizani anashangiliwa, kisha anakunywa lita kwa lita.

Watu hudhani akishakunywa mambo yamekwisha. Damu inajaa tena ndani ya saa chache, ndiyo, lakini tishu za ndani zinachelewa, na ubongo ni mojawapo. Madaktari wa michezo wanaonya sana kuhusu bondia kupokea ngumi za kichwa siku moja baada ya kujikausha, kwa sababu ubongo haujarudia hali yake na hatari ya kuumia vibaya inapanda. Kwa mwanamke kuna jambo lingine. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo kwa muda mrefu, hedhi yake huanza kupotea. Makocha wengine huliona hilo kama dalili ya kuiva kimazoezi. Ni kinyume chake. Mwili umeanza kuzima mambo yake kwa kukosa chakula, na mifupa inadhoofika kimyakimya. Muulize, ni swali la mama na binti. Ikiwa miezi mitatu imepita bila hedhi, aende kwa daktari wa wanawake kabla ya kusaini kitu chochote.

La tatu ni raundi zenyewe. Wanawake wengi, wakiwemo wote wanaopigania mikanda ya WBC, hupigana raundi za dakika mbili, na watu hulichukulia hilo kama usalama. Ni kweli kuangushana kunapungua. Ila dakika mbili hazina nafasi ya kupumzika, kila mmoja anarusha ngumi tangu kengele mpaka kengele, na vichwa hugongana mara nyingi. Tena dakika mbili zinampa jaji muda mfupi wa kutofautisha nani ameongoza. Raundi ikiwa ya karibukaribu na ukumbi mzima unamshangilia mmoja, masikio ya jaji nayo yanafanya kazi. Mgeni hapaswi kutegemea raundi za karibukaribu. Lazima azishinde waziwazi, na hilo linahitaji pumzi ambayo tumeshaona itakakopungukia.

Nirudi kwa Mercado mara moja, kwa sababu ushindi wa 2019 siyo unaonifundisha zaidi katika kazi yake. Mwezi Agosti 2021 alikwenda Cleveland kupigana na Amanda Serrano, mmoja wa wanawake wakali kuliko wote waliopo, kwa mikanda ya uzito wa feather, daraja moja juu ya lake. Akapoteza kwa pointi. Lakini mkanda wake wa super bantam haukuwa mezani, kwa hiyo alirudi nyumbani bado bingwa, baada ya kupigana kwenye tamasha lililotazamwa na watu wengi sana. Alijua anaweka nini rehani na kipi kinabaki kabatini. Novemba 2024 aliutetea mkanda mbele ya Ramla Ali, yule Msomali aliyelelewa London baada ya familia yake kukimbia vita kupitia Kenya. Alishinda tena kwa pointi. Hatimaye Julai 2025, Madison Square Garden jijini New York, Ellie Scotney wa Uingereza akamvua. Hata hapo alikuwa anapigania kuunganisha mikanda ya vyombo tofauti, kwenye usiku ambao mapambano yake yote yalikuwa ya wanawake. Vipigo vyote vitatu nilivyovitaja vilikuwa mapambano ya dunia. Hakuna hata kimoja kilichokuja kwa simu ya siku 16.

Kwa hiyo, je, umruhusu? Kwanza, mama, ana miaka 20, na sheria inamtambua kuwa mtu mzima. Ukimfungia mlango atapitia dirishani, na promota ndiye atakayekuwa amemshika mkono. Keti naye pamoja na kocha wake, na mzungumzie mkataba wenyewe badala ya ndoto yake. Ndoto yake ni nzuri na inawezekana.

Maoni yangu ni kwamba mkataba huu, kama ulivyo, aukatae. Mpinzani si tatizo kubwa kwangu, na Meksiko si tatizo. Siku 16 ndizo tatizo, zikiunganishwa na raundi nane ambazo hajawahi kuzipiga. Lakini kukataa si lazima iwe "hapana" kavu. Kocha amjibu promota kwamba binti yuko tayari kwa raundi sita, baada ya wiki nane au kumi, kwa uzito anaoweza kuufikia kwa kula vizuri, afike wiki mbili kabla au zaidi kama mji uko juu, na kocha wake asafiri naye kwa tiketi ya promota. Promota anayeona kipaji atajadiliana. Anayetafuta tu mtu wa kujaza nafasi iliyoachwa na mwingine atakata simu, na hapo utakuwa umejua ulichotaka kujua.

Gharama za kukataa zipo, sitakuficha. Fedha za ngumi za wanawake hapa nyumbani ni ndogo, mapambano ni machache, na huyu promota anaweza asirudi. Kama hela ya safari hii ingelipa ada ya mdogo wake au kodi ya nyumba, naelewa kabisa kwa nini binti anaing'ang'ania. Muulizeni basi ni kiasi gani kitabaki mkononi mwake baada ya promota, meneja na kocha kuchukua chao, na italipwa lini. Nimeona vijana wakitajiwa dola nyingi na kurudi na nauli ya basi. Angalieni pia kama kuna kipengele kinachompa promota haki ya mapambano yake yanayofuata. Kikiwepo, hamsaini pambano moja, mnasaini miaka yake. Huo ndio wakati wa kumlipa mwanasheria ausome, hata kama ni wa kuazimiwa na jirani.

Mapambano ya kukua yapo karibu. Raundi sita dhidi ya msichana mzuri Nairobi au Lusaka, kwa safari ya saa chache na chakula kinachofahamika, zitamfundisha zaidi kuliko hizo nane. Na safari yoyote ya nje ipitie kwa kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa, kwenu Tanzania ni TPBRC, itoe kibali baada ya kuona vipimo. Promota akiwaambia kibali kinachelewesha mambo, muachane naye.

Kuhusu hospitali, kuna mambo ambayo hayasubiri mkataba. Kama katika wiki za karibuni amepigwa kwenye sparingi akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au anaumwa kichwa siku zinazofuata, anatapika, mwanga unamsumbua, anasahau mazungumzo ya jana au amekuwa na hasira zisizo zake, asipigane popote, hata Tanga, mpaka daktari amwone uso kwa uso na kumruhusu kwa maandishi. Kichwa kikizidi kuuma, akisinzia asivyo kawaida, mkono ukilegea au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na akiwa mzima kabisa, bado afanyiwe picha ya kichwa, macho, na vipimo vya damu vya virusi vya Ukimwi na homa ya ini kabla ya pambano la nje, pamoja na kipimo cha mimba. Ukumbi unaompokea bila kumwomba hivyo vyote si wa kuupeleka mwili wa mtoto wako.

Anza na mizani kesho asubuhi. Ukishapata namba hiyo na jina la mji, mpe kocha wake aandike majibu kwa promota, na nakala ibaki kwako.